Je, Wajua? Hija ya Mlima Elgon, Kabla Hujafunga Mzigo

Je, wajua kwamba ule mlima unaokuandama upande wa machweo ukitoka Kwanza kwenda Kitale ni madhabahu? Wabukusu na Wagisu wanauita Masaba. Kwa Wasabaoti ni Tulwop Kony, na ni hao Wakony waliowapa wageni jina la Elgon. Wafuasi wa Dini ya Msambwa wanauita Sayuni. Wote hao wana sababu ya kuupanda: kuomba, kutambika, kuwakumbuka waliotangulia. Na hakuna anayehitaji tiketi ya ndege.

Je, wajua kwamba wapo walimwengu wanaojinyima miaka na miaka ili wafike Tibet kuuzunguka Mlima Kailash? Kilele chake kina mita 6,638 na hakipandwi, kwa heshima. Hija yenyewe ni kuuzunguka, mwendo wa kilomita 52, na wengi huchukua siku 3. Hupitia Drolma La, kwenye mwinuko wa mita 5,630 hivi. Wahindu na Wabudha huzunguka kwa mwendo wa mishale ya saa. Wafuasi wa dini ya kale ya Bon huenda kinyume, wakapishana njiani bila ugomvi.

Elgon hauna sheria ya upande wa kuzunguka. Una tatizo jingine: ukubwa. Tako lake lina kipenyo cha takriban kilomita 80, kwa hiyo anayetaka kuuzunguka kwa chini ajiandae kwa kilomita zipatazo 250 na nchi mbili, apite Bungoma, Lwakhakha, Mbale, Kapchorwa, Suam, Endebess. Hiyo ni safari ya matatu na bodaboda kuliko ya miguu. Mwenye nia ya hija huchagua mzunguko wa juu, kwenye kasoko, lile shimo pana lililobaki kileleni volkeno ilipojibomokea. Lina upana wa kilomita 8 hivi, na ni miongoni mwa makasoko makubwa kabisa duniani ambayo kuta zake bado zimesimama.

Je, wajua kwamba Elgon ni mzee kuliko Kilimanjaro mara nyingi? Umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 24. Kilimanjaro haujafikisha hata milioni 3. Wanajiolojia wengi huamini kwamba enzi za ujana wake Elgon uliupita Kilimanjaro kwa urefu, kisha mvua na upepo vikaunyoa.

Je, wajua kwamba Mkenya anayejisifu amefika kileleni kupitia Koitobos bado anadaiwa mita 99? Koitobos, upande wetu, ni mita 4,222. Sudek, ulio mpakani, ni 4,302. Kilele chenyewe ni Wagagai, mita 4,321, na kiko Uganda. Waliorekodiwa kukifikia kwanza ni Rudolf Kmunke na Robert Stigler, mwaka 1911. Neno muhimu hapo ni "waliorekodiwa". Wawindaji na waombaji wa mlima huu hawakuwa na tabia ya kuandika.

Je, wajua kwamba tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, na Mganda vivyo hivyo huku? Kwa hiyo inawezekana kuingia kwa lango la Chorlim, karibu na Endebess, ukavuka kasoko na kushuka Budadiri kwa njia ya Sasa. Ila ruhusa huombwa mapema pande zote mbili, kwa KWS na kwa wenzao wa UWA, na askari wa mbuga hukusindikiza kwa sababu nyati na ndovu wa huko hawajui kwamba umekuja kwa ibada. Juu mlimani hakuna dirisha la uhamiaji. Mambo ya mpaka humalizwa chini. Na langoni upande wa Kenya usiende na noti mkononi. Malipo ya mbuga ni kwa eCitizen, na mtandao kule hukatika ukitaka na usipotaka. Lipa ukiwa Kitale.

Sasa tumfikie mwenye Sayuni.

Je, wajua kwamba Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, alikuwa mchezaji kandanda? Mzaliwa huyu wa Maeni, Kimilili, aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage mwaka 1930. Alilelewa katika kanisa la Kikweka la Friends, akafanya kazi ya kupeleka samansi za mahakama ya Waafrika, kisha akaachana na yote mawili. Miaka ya 1940 alianza kuwahubiria watu mambo mawili makuu: Mwafrika amwombe Mungu kwa njia ya wazee wake, na Mzungu arudi kwao. Serikali ya kikoloni ikaona la pili zaidi ya la kwanza. Mwaka 1945 walimkamata wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akakaa humo hadi 1947. Kumwita mpinzani mwendawazimu ni mbinu ya zamani, na si wakoloni peke yao walioitumia.

Alipotoka hakwenda nyumbani kulala. Mwaka huohuo wa 1947 aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe, kilima cha Webuye ambako ngome ya Wabukusu ilishambuliwa mwaka 1895 na kikosi cha Waingereza chini ya Charles Hobley, bunduki ya Maxim dhidi ya mikuki. Walikwenda kuwatambikia waliouawa pale. Kama unapanga hija ya Elgon kwa maana yake kamili, hapo ndipo pa kuanzia: Chetambe kwanza, Maeni baadaye, kisha mlima. Anayeanzia Chorlim moja kwa moja ataona mandhari nzuri, lakini atakuwa amefungua kitabu katikati.

Je, wajua kwamba tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo Malakisi wakawaua 11? Mwezi huohuo ikapigwa marufuku. Masinde akahamishiwa pwani, Lamu, mbali kabisa na Masaba, na hakurudi hadi 1961. Mwaka 1950, tarehe 24 Aprili, Lukas Pkech aliyekuwa ameifikisha dini hiyo kwa Wapokot alipambana na polisi huko Kolloa, Baringo. Akafa yeye na wafuasi wengi, na wakafa maafisa wa polisi pia. Baada ya uhuru Dini ya Msambwa iliruhusiwa mwaka 1964, ikapigwa marufuku tena 1968, mara hii na serikali ya watu weusi. Masinde alifariki 1987. Mlima wake uko palepale.

Ndiyo maana mtu akiniambia anataka "matembezi" ya Elgon humuuliza kwanza kama ameshafika Malakisi.

Je, wajua kwamba kwenye kilele cha Wagagai shinikizo la hewa ni karibu asilimia 60 tu ya lile la Mombasa? Kila pumzi inaleta oksijeni pungufu, na mwili unahitaji siku, si saa, kuzoea. Mkazi wa Kitale ana bahati: mji wake uko kwenye mita 1,900 hivi, damu yake imekwisha kuzoea kidogo. Binamu yake anayekuja na basi la usiku kutoka Mombasa ametoka kwenye sifuri. Msipange ratiba moja. Mgeni apewe siku za kukaa Kitale, ale, alale, atembee hadi jumba la makumbusho.

Adui mkubwa wa mahujaji wa Elgon ni gari. Barabara ya mbuga inaweza kukufikisha kwenye mita 3,500 siku hiyohiyo uliyotoka Kitale, nawe ukashuka ukidhani wewe ni shujaa. Usiku kichwa kinagonga, tumbo linakataa chakula, usingizi hauji. Kanuni wanayoifuata wapandaji wa milima mirefu ni rahisi: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Mchana waweza kupanda juu zaidi, mradi urudi chini kulala. Mwenzako akianza kuyumba kama mlevi, au akahema akiwa ameketi tu na kifua kinakoroma, hakuna cha maombi wala cha kusubiri kukuche. Mshusheni mara moja, hata kama ni saa nane ya usiku. Mita 500 za kushuka huokoa maisha ambayo dawa za mfukoni huenda zisiokoe.

Je, wajua kwamba kwenye Koitobos maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100? Maharagwe makavu yatakumalizia gesi na bado yatalia kokoto mdomoni. Bebeni vilivyokwisha kupikwa au vinavyoiva upesi: omena za kukaanga, njugu karanga, viazi vitamu vilivyochemshwa, uji wa wimbi.

Na kama una jamaa Mbale, mwambie akutafutie malewa. Hayo ni machipukizi machanga ya mianzi ya mlima huuhuu, huvunwa msimu wa mvua, yakakaushwa juu ya moshi wa jikoni hadi yanakuwa na rangi ya ngozi ya viatu vya zamani. Sokoni huuzwa yakiwa yamefungwa vifungu. Huyaloweka, huyachemsha na kumwaga maji ya kwanza, halafu humwagiwa mchuzi wa njugu zilizosagwa. Harufu ya moshi haitoki, na haitakiwi kutoka. Wanaosema Masaba huwalisha watoto wake hawasemi kwa mafumbo.

Je, wajua kwamba ukipanda kutoka Kitale hadi Koitobos joto hupungua kwa nyuzi 15 hivi? Usiku maji ya chupa hugeuka barafu. Soko la mitumba la Kitale lina masweta mazito na makoti ya mvua kwa bei ambayo duka la Nairobi halitakuuzia hata soksi. Viatu ndivyo visichezewe. Gambuti ni nzuri kwa tope la msituni lakini zitakuchuna visigino kwenye mawe ya juu. Wenyeji huvaa gambuti chini, wakabadilisha viatu juu.

Msimu? Desemba hadi Machi mapema. Basi. Wanaopanda mwezi Mei hupata picha za ukungu na mafua.

Kwa kweli mvua ya Elgon si jambo la mafua tu. Tarehe 1 Machi 2010 mteremko wa Nametsi, wilaya ya Bududa upande wa Uganda, ulimomonyoka ukafunika vijiji. Watu zaidi ya 100 walikufa. Udongo wa volkeno ni mnene, una rutuba, na ukilewa maji huteleza. Mwongozaji akisema njia fulani haipitiki leo, usimbishie.

Je, wajua kwamba Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara kwa Wabukusu na Wagisu? Alfajiri vijana hupelekwa mtoni, hupakwa tope baridi kutoka kichwani, wakarudi nyumbani wakikimbia na kusindikizwa na wimbo wa Sioyaye. Upande wa Uganda msimu hufunguliwa rasmi Mutoto, karibu na Mbale. Mzee wa Kibukusu atakusimulia jinsi tohara ilivyoanza kwa Mango, aliyeliua joka kubwa lililowatisha watu. Ukipanga hija mwezi huo usitarajie kupata mpagazi: ana mpwa wake. Afadhali nawe uahirishe mlima uende shereheni.

Je, wajua kwamba ndovu wa Elgon huchimba migodi? Katika pango la Kitum, ndani ya mbuga upande wa Kenya, kuta zimechanjwachanjwa na pembe zao. Pango linaingia mlimani karibu mita 200, na mwisho wake ni giza tupu. Ndovu huingia usiku kwa mstari, wakipapasa sakafu na mkonga, wakiukwepa ufa mrefu ambao ndama wamewahi kutumbukia wasitoke. Wanatafuta chumvi iliyomo katika mwamba. Huubomoa kwa pembe, wakasaga vipande kwa magego. Ukisimama na tochi ukaimulika ile michoro ya pembe, mingine iko juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, mingine chini magotini, ya watoto waliokuwa wakijifunza. Joseph Thomson alipopita 1883 alidhani mapango ya mlima huu yalichongwa na watu wa kale. Hakuwauliza ndovu.

Lakini Kitum ina upande wa pili ambao mpangaji wa hija lazima aujue. Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alilitembelea, na Januari 1980 akafa Nairobi kwa virusi vya Marburg; daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona kwa taabu. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki mwenye umri wa miaka 15 aliyekuwa ameingia pango hilohilo alifariki kwa ugonjwa uleule. Baadaye watafiti waliovitafuta virusi hivyo Uganda walivipata ndani ya popo wala matunda, jamii ileile inayoning'inia Kitum. Maelfu ya watu wamelitembelea pango hilo wakarudi salama. Hata hivyo usiguse popo wala kinyesi chao, usishike ukuta kwa kidonda, vaa barakoa, na ukitoka nawa mikono kwa sabuni. Ukipata homa kali baada ya safari, mwambie daktari ulikoingia kabla hajaandika malaria.

Je, wajua kwamba mvua ya mlima huu mmoja hugawanyika katika maziwa matatu? Mto Suam unatoka ndani ya kasoko, hupasua ukuta wake, ukawa Turkwel na kuishia Ziwa Turkana. Kuywa na mito mingine ya Bungoma huingia Nzoia na kufika Victoria. Lwakhakha unakwenda Malaba hadi Kyoga. Karibu na chanzo cha Suam, humo kasokoni, kuna chemchemi za maji moto, nyuzi 48 hivi. Baada ya baridi ya Koitobos, miguu yako itajua thamani yake bila kuelezwa.

Je, wajua kwamba juu kule kunaishi watu? Njia ya Kimilili hupanda kupitia msitu wa Kaberwa hadi Chepkitale, nyika ya baridi ambayo ni kwao Waogiek wa Mlima Elgon. Mwaka 2000 nchi yao ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama bila ridhaa yao. Walikwenda mahakamani, na Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa haki. Kwa hiyo ukipita Chepkitale hupiti porini, unapita uani kwa watu. Salamu kwanza, picha baadaye, na kama hukuruhusiwa, kamera ibaki mfukoni. Usiulize pia kwa pupa habari za 2006 hadi 2008, vita vilivyozuka kwa sababu ya ardhi ya Chepyuk na operesheni ya jeshi iliyofuata. Kila nyumba ina lake, na mwenyeji atakuambia akitaka.

Msituni chini utawaona mbega wakiruka na mikia yao meupe, na mizeituni ya Elgon ambayo mbao zake zilitamaniwa na wakataji tangu zamani. Huko juu ni lobelia ndefu kama watu waliosimama kwenye ukungu. Siandiki zaidi, yaone.

Je, wajua kwamba wafuasi wa Msambwa waliokuwa vijana wa miaka 20 siku ya Malakisi sasa, kama wapo, wanakaribia 100? Nyaraka za wakoloni zimesema upande wao na zimehifadhiwa vizuri. Njia walizopita wazee kwenda Sayuni, mahali walipopumzika, mahali walipochinja, mengi ya hayo yamo vichwani mwa watu wachache sana. Msomaji wa Kwanza, wa Kapomboi, wa Kimilili: kama yuko mmoja kwenu, usingoje msimu mkavu. Nenda kwake wiki hii, mpe nafasi aseme kwa lugha yake, na urekodi kwa simu kila neno.